Anatafutwa Apua Lokaale

Haya yalimkuta Namuria, mtoto wa mama yangu mdogo. Alinisimulia mwenyewe, mchana kweupe, akiwa ameshika kikombe cha chai ambacho mpaka tunaachana hakukipeleka mdomoni.

Namuria ni fundi wa kompyuta katika kituo kidogo cha redio mjini Lodwar. Asubuhi hiyo ilianza kama nyingine zote. Upepo ulikuwa umemwaga vumbi juu ya meza, akalipangusa, akawasha feni. Apua, mtangazaji wa taarifa za asubuhi na rafiki yake wa chai, akachungulia mlangoni.

"Ejok," akamsalimu kwa Kiturkana. "Niweke majani mengi?"

"Weka mengi."

Bosi wao, Ekuru, alikuwa amempa Namuria kazi moja. Kituo kilikuwa na tawi Kakuma, chumba kimoja tu karibu na kambi ya wakimbizi, na ndani yake seva iliyohifadhi vipindi. Tawi lilifungwa mtangazaji wake, Adhieu, alipofariki kwa malaria. Adhieu ndiye aliyeendesha kipindi cha kuwatafuta watu waliopotezana na jamaa zao wakikimbia vita. Alikuwa akitaja jina, kisha kwa ile sauti yake ya upole anasema, "Ukinisikia, itika." Wengi walipatana kwa sauti hiyo. Sasa Namuria alitakiwa kunakili vipindi vyote kuja Lodwar, kisha kuhariri faili la ratiba ili seva iache kurusha kipindi cha marehemu.

Kazi hiyo haihitaji safari. Alifungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika anwani ya seva ya Kakuma, akatia paswadi. Seva ikamfungulia. Akaandika amri ya kunakili, majina ya mafaili yakaanza kupita moja baada ya jingine. Wakati yanapita, akafungua dirisha la pili ili aingie kwenye faili la ratiba.

Seva ikamwonya. Faili hilo lilikuwa limeshafunguliwa na mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa bado analihariri. Jina lake: adhieu.

Namuria hakushtuka. Watu husahau kufunga programu, zikabaki zinazunguka zenyewe. Akaizima programu hiyo. Akalifungua faili, akaufuta mstari wa kipindi cha Adhieu, akahifadhi. Alipolifungua tena ahakikishe, mstari ulikuwa umerudi.

Akaufuta. Ukarudi tena, safari hii mbele ya macho yake. Herufi moja. Halafu nyingine. Taratibu, kama mtu anayeandika kwa kidole kimoja.

Akaiuliza seva ni akina nani waliomo ndani. Ikajibu kuwa ni wawili, yeye na adhieu. Yeye alikuwa ameingia kwa mtandao kutoka Lodwar. Adhieu hakuingia kwa mtandao. Alikuwa ameketi palepale Kakuma, kwenye kibodi ya seva.

Akampigia simu Awale, mlinzi wa jengo lile.

"Awale, nani yuko kwa ile chumba ya redio?"

"Hakuna mtu, dada."

"Kuna mtu ameketi kwa mashine."

Awale akashusha sauti. "Mashine gani, dada Namuria? Mwenye nyumba alitoa hiyo Jumamosi, akaweka stoo. Haina hata waya. Huku imebaki meza tu."

Namuria akatazama kioo cha kompyuta. Majina ya mafaili yalikuwa bado yanapita.

Alitaka kuchomoa waya wa mtandao. Mkono ulikataa, hivyo ndivyo alivyoniambia, ulikataa kabisa. Akakaa akitazama mpaka faili la mwisho likaingia. Lilikuwa na tarehe ya siku ileile.

Akavaa hedifoni. Akalifungua.

Kimya. Kisha pumzi. Kisha sauti ya Adhieu, karibu sana na sikio.

"Anatafutwa Apua Lokaale. Alionekana mara ya mwisho Lodwar. Ukinisikia, itika."

Jikoni, upande wa pili wa ukuta, Apua akaitika.

"Naam."

Namuria akazivua hedifoni. Sauti ile ilikuwa masikioni mwake peke yake. Hapakuwa na mwingine wa kuisikia.

"Apua," alinong'ona. "Usiitike."

"Nakuja," Apua akasema. Hakuwa anamjibu Namuria.

Namuria akakimbia. Jikoni maji yalikuwa yanachemka. Majani yalikuwa bado kwenye kijiko, kijiko juu ya meza. Ndala za Apua zilikuwa mlangoni. Askari wa getini alisema amempita sasa hivi, miguu mitupu juu ya mchanga ule wa moto, akasema anaitwa kazini.

Namuria na Ekuru wakachukua gari, wakamtafuta sokoni, hospitalini, barabara yote ya kuelekea Kakuma, zaidi ya kilomita mia moja. Hakuna aliyemwona.

Jua lilipokuwa linashuka, simu ya Awale ikaingia. Alikuwa ananong'ona.

"Msichana wenu yuko hapa. Amekaa mbele ya hiyo chumba. Mlango imefungwa, lakini yeye anaongea na mtu ndani."

Walimrudisha akiwa hai, na hilo tunamshukuru Mungu. Nyayo zake hazikuwa na hata lengelenge moja. Sasa yuko kwa mama yake, kijijini Katilu. Anakula, anateka maji, anasuka nywele za wadogo zake. Ila jina lake haliitikii. Mama yake akimwita, Apua hutazama nyuma ya mama yake, kama anayengoja mtu mwingine aitike.

Ekuru hakuyaamini maneno ya Namuria mpaka alipolisikiliza faili lenyewe, wote wawili wakiwa ofisini, mlango wazi. Adhieu akataja jina. Kisha sauti ya Apua ikaitika humohumo ndani ya faili, "Naam. Nakuja," ingawa faili lilikuwa limeshamaliza kunakiliwa kabla Apua hajafungua mdomo. Haikusikika kama ya mtu aliye ng'ambo ya ukuta. Ilikuwa safi, ya karibu, ya mtu aliyeketi mbele ya maikrofoni.

Baada ya hapo Adhieu anavuta pumzi, kama anayetaka kutaja jina jingine.

Faili linaishia hapo.