Choroko ya Sista Getruda

Kila siku nikitoka shule nilikuwa na ratiba yangu: kuteka maji ndoo mbili, kufagia uwanja, kisha mbio kwa akina Najat, rafiki yangu. Kaka yake, Khalidi, alikuwa amenunua deki ya video, ya kwanza katika mtaa wetu wa Pasiansi. Mwaka huo wa 1994 vitu vipya vilimiminika madukani kila wiki, na mimi filamu za karate zilinimaliza kabisa.

Basi Sista Paskazia, mwalimu wetu wa dini darasa la sita, akanipa kazi. Parokia ilitaka ramani ya dunia ya kutundika ukumbini, ionyeshe makanisa makuu ya Kikatoliki yalivyotawanyika duniani. Sista alikuwa ameichora juu ya mifuko ya unga iliyofumuliwa na kushonwa pamoja. Kazi yangu ilikuwa kubandika choroko moja kwa kila kanisa kuu, kwa gundi ya muhogo.

"Odeta, usidhani kanisa kuu ni lile lenye mnara mrefu," alinionya. "Ni lile lenye kiti cha askofu. Hapa Mwanza ni la Bugando. Orodha yote imo kwenye kitabu hiki, na atlasi hii hapa. Tafuta mji kwanza, ndipo ubandike. Nimekuchagua kwa sababu una subira."

Subira! Siku ya kwanza nilikuwa nayo kweli. Nilibandika za kwetu: Bugando, Geita, Musoma, Bukoba, Shinyanga. Kisha nikaingia Italia, na huko nilikoma. Makanisa makuu ya Italia hayaishi! Choroko zilirundikana hadi nchi yenyewe haikuonekana.

Siku ya pili nilisikia muziki wa filamu kutoka kwa akina Najat. Haki ya Mungu, miguu ilianza kuniwasha. Nikachota choroko, nikazibandika Amerika, Asia na visiwani, popote palipokuwa na nafasi, kisha nikakimbilia video.

"Sista akijua je?" Najat aliniuliza.

"Nani ataenda Amerika kuhakikisha?" nilimjibu, tukacheka.

Sista alikagua Afrika Mashariki na Italia, akaona sawa, akanisifu mbele ya darasa zima. Niliinama, watu wakadhani ni adabu.

Jumapili ya kwanza ramani ilipotundikwa, alinijia Mzee Mihayo, msukaji wa matenga ya samaki.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia wewe ndiye uliyebandika hizi mbegu. Mwanangu Getruda ni sista. Yuko Brazili, mji unaitwa Manausi. Anaishi nyuma ya kanisa kuu, kengele ndiyo inayomwamsha. Mimi sikusoma. Hebu nionyeshe ya kwake."

Nilitazama Amerika. Sikujua Manausi iko wapi, na watu walikuwa wamesimama wakisikiliza. Kusema "sijui" kulinishinda. Nikaweka kidole juu ya choroko moja iliyokuwa chini kabisa.

"Hii hapa, babu."

"Mbona iko chini hivyo? Huko kukoje?"

"Baridi sana, babu. Ni karibu na barafu."

Mzee aliigusa ile choroko taratibu, kisha akafanya ishara ya msalaba. Nilitoka ukumbini bila kuaga.

Jumapili iliyofuata alikuja na majirani zake wa Kiseke. "Mwanangu yuko hapa," aliwaambia, kidole juu ya choroko. Nilijificha nyuma ya mlango nikiona aibu, lakini sikufungua mdomo.

Jumapili ya tatu alikuja na furushi. Ndani mlikuwa na sweta zito la mtumba. Alikuwa ameuza jogoo wake kulinunua.

"Kuna padri anarudi Brazili kesho, atampelekea," alimweleza Sista Paskazia. "Getruda kaandika kwamba jua la kule linachoma kuliko la Mwanza. Ananificha, nisihangaike. Tangu utoto hajawahi kunidanganya, kumbe huko kajifunza uongo. Ila ramani ya kanisa haiwezi kudanganya."

Maneno yale yalinichoma. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

"Babu," nilisema huku machozi yakinitoka, "Sista Getruda hajadanganya. Mwongo ni mimi. Sikutafuta miji. Nilibandika tu."

Sista Paskazia hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Alileta atlasi, akaniambia, "Tafuta."

Nilitafuta mbele ya watu wote. Manausi ilikuwa juu sana, kando ya mto mkubwa. Sista akachukua uzi, akaunyoosha kwenye atlasi kutoka Mwanza kwenda magharibi, ukavuka bahari. Ulipita karibu kabisa na Manausi.

"Kumbe tuko mstari mmoja!" Mzee Mihayo alishangaa. "Basi jua ni lilelile!" Akakaa kwenye benchi, akafuta macho.

Kwa wiki mbili, kila jioni, nilibandua choroko na kuzibandika upya, nikiwa na kitabu mkononi. Video niliisikia kwa mbali. Choroko ya Manausi sikuibandika mimi. Nilimwita mzee, akaibandika mwenyewe.

"Babu, nisamehe. Na sweta je?"

"Sweta nitavaa mwenyewe mwezi wa saba," alisema. "Hilo si neno. Neno ni kwamba nilimwita mwanangu mwongo moyoni mwangu, naye hana kosa. Uongo wako haukukaa kwako, Odeta. Ulivuka bahari ukamchafua asiyekujua. Kazi ukipewa, ifanye hata pale usipoonekana. Na usipojua, sema hujui. Neno 'sijui' halijamvunja mtu jino."

"Nimesikia, babu."

Kisha akagusa choroko nyingine iliyokuwa peke yake kwenye kisiwa.

"Na hii ni ya mji gani?"

Watu walikuwa wamesimama wakisikiliza, kama siku ile. Miji ilikuwa mingi mno, na jina la huo lilikuwa limenitoka. Uso uliniwaka.

"Sijui, babu," nilisema. "Ngoja nitazame kitabuni."