Mibonyezo Kumi na Mmoja

Saa tatu na robo asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la cherehani kilinuka mafuta ya mashine na jasho la watu wanne. Mjomba alisukuma kando cherehani mbovu, akapanga bobini nne mezani.

"Hii ni lori," alisema. "Analiendesha Binti Gia. Hii ni mimi. Hii ni Nyundo."

"Mbona yangu ndogo?" Nyundo aliuliza. Mabega yake yalijaza mlango. "Ni kwa sababu ya akili, au?"

"Ni kwa sababu ya mdomo. Ungepimwa kwa mdomo usingeenea mezani." Binti Gia hakuinua macho kutoka kwenye kucha zake.

Mjomba hakucheka. Bobini ya nne aliisogeza peke yake, mbali na nyingine, kisha akamtazama mpwa wake. "Na huyu ni Fundi. Wewe hubebi kitu, hukimbii, husemi. Unabonyeza tu."

Mali ilikuwa vanila. Makasha sita, yaliyopangwa ndani ya chumba cha chuma katikati ya ghala. Chumba hicho hakikuwa na hewa ya kupumua. Wenye ghala walikuwa wameiondoa kwa makusudi na kujaza gesi nyingine, ili wadudu wasiishi humo.

"Ukiingia bila mtungi," Mjomba alisema, "pumzi mbili, umelala. Wala hujui kama umelala. Mitungi yetu ina dakika kumi na mbili. Mlango unajifunga nyuma yetu. Ukikaa wazi zaidi ya nusu dakika, kengele inalia. Ndani hakuna kitasa. Unafunguliwa na nini?"

"Na kompyuta iliyo kwenye chumba cha vioo," Fundi alijibu. "Ni kitufe kimoja tu kwenye programu."

"Programu ya nani?"

"Yangu."

Kila mmoja alijua kile ambacho chumba hicho kilifanya miezi minne iliyopita. Mchukuzi mmoja aliingia kuhesabu makasha na hakutoka hai. Aliyekaa kwenye kitufe siku hiyo alikuwa mdogo wake Fundi, mtoto wa mama mmoja. Yeye na marehemu walikuwa wamegombana jana yake mbele ya watu. Polisi waliunganisha mambo hayo mawili. Kijana aliapa: nilibonyeza, nikabonyeza, mlango haukutii. Meneja aliapa pia: kumbukumbu za mashine zilifutika zenyewe.

Hukumu ilikuwa kesho. Kompyuta ile ingebadilishwa leo, saa tisa alasiri.

"Mjomba," Fundi alisema polepole, "mle kwenye mashine kuna faili la kumbukumbu. Kila mbonyezo hupigwa saa yake humo. Meneja aliongopa. Nipe dakika chache..."

"Hapana."

"Ni nakala tu."

"Mtu mmoja, kazi moja. Ukigusa kitu kingine kwenye mashine hiyo, nitasahau kuwa wewe ni mtoto wa dada yangu."

"Na yule aliye rumande ni mtoto wa nani?"

Mjomba alizikusanya bobini zote kwa kiganja kimoja. "Wakili wa rufaa hapatikani kwa faili. Anapatikana kwa vanila. Tumemaliza."

Fundi aliinamisha kichwa. Ndani ya soksi yake ya kushoto, flashi ilimchoma kifundo cha mguu.

Saa saba na dakika mbili mchana.

Karani wa zamu alitoka kwenda kula. Watu watatu waliovaa ovaroli za mafundi wa mitambo waliingia kwa mlango wa pembeni. Nje, Binti Gia alimnyooshea mlinzi karatasi ya mzigo iliyofutwafutwa.

"Kaka yangu, hebu nisaidie. Hapa wewe unaona sita au tisa?"

"Sita."

"Basi igeuze uone nilivyoteseka tangu asubuhi."

Mlinzi alicheka, akavaa miwani, akaegemea lori. Walikuwa wamempima wiki nzima. Kwa karatasi mbaya, mlinzi huyu alikuwa mtu wa robo saa.

Saa saba na dakika sita.

Fundi alikaa kwenye kiti ambacho mdogo wake alikikalia. Kiti kilikuwa bado kimefungwa kamba mguuni, kama siku ile. Dirisha la programu lilikuwa wazi kwenye kioo cha kompyuta, na vitufe vyake vya kijani ambavyo yeye mwenyewe alivichagulia rangi. Alibonyeza. Mlango mzito uliteleza. Mjomba na Nyundo walijifunika vinyago vya hewa, wakaingia, na chuma kikajifunga.

Kugonga mara tatu: fungua. Ndivyo walivyokubaliana.

Dakika kumi na mbili.

Aliivua soksi.

Faili lilikuwa mahali pake. Halikufutika; halikuguswa hata kidogo. Lilikuwa kubwa kuliko alivyodhani, miaka mitatu ya kila mbonyezo wa kila mtu, na mashine ilikuwa kuukuu, ya mwendo wa kobe. Alichomeka flashi. Alianza kunakili.

Asilimia nne. Asilimia tisa.

Hakuwa mwizi. Alijirudia maneno hayo kama mtu anayejipapasa mfukoni kutafuta ufunguo anaojua ameupoteza.

Saa saba na dakika kumi na tatu.

Asilimia hamsini na nane. Chuma kiligongwa. Moja, mbili, tatu.

Fundi alibonyeza kitufe cha kufungua.

Mlango haukutikisika.

Alibonyeza tena. Dirisha la programu lilipauka, likawa jeupe kama uso wa mgonjwa. Mshale wa kipanya uligeuka duara dogo linalozunguka. Alibonyeza mara ya tatu, ya nne.

"Fungua!" Sauti ya Nyundo ilipita chumani ikiwa nyembamba, kama ya mtu aliye chini ya maji. "We Fundi! Mchezo gani huo?"

Mara ya tano. Ya sita. Ya saba.

Ndipo alipomsikia mdogo wake. Si hapa, bali jikoni kwa mama yao, mwaka jana, akimenya viazi. *Kaka, programu yako siku nyingine inaganda.* Naye alijibu bila hata kugeuka: *Kwangu inafanya kazi. Wewe usibonyezebonyeze. Subiri.*

Kwake ilifanya kazi. Kwake, juu ya meza yake, peke yake, bila mtu mwingine kulishika faili.

Aliiona programu yake kwa mara ya kwanza kama ilivyo. Alikuwa ameipa mtumishi mmoja tu. Mtumishi huyo huyo aliandika kumbukumbu, huyo huyo aliufungua mlango, huyo huyo aliitika alipobonyezwa. Kwanza aandike, kisha afungue. Fundi ndiye aliyempa utaratibu huo, kwa kuwa alipenda kila jambo liandikwe kabla ya kutendwa. Na mtu mwingine akilishika faili, kwa kulifungua au kulinakili, mtumishi husimama na kalamu mkononi, akisubiri. Hana mwenzake wa kumtuma mlangoni.

Leo aliyelishika ni Fundi, kwa nakala yake.

Siku aliyokufa mchukuzi ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Kila Jumatatu saa nne, meneja hulifungua faili hilo mezani kwake juu ghorofani, aone nani alichelewa kazini. Alikuwa akisoma majina huku akinywa chai, na chini mtu alikuwa akifa.

Saa saba na dakika kumi na tano.

Asilimia sabini na moja. Mitungi ilikuwa imebakiza dakika tatu. Nakala ilihitaji nne, pengine tano. Akiikatisha, mlango ungefunguka papo hapo. Akiikatisha, asingepata nafasi ya kuianza upya. Mlinzi angekuwa amekwisha kuvua miwani. Faili lililonakiliwa nusu lisingefunguka kokote.

Alihesabu. Mtu wa maumbile ya Nyundo humaliza hewa mapema kuliko wengine.

Kugonga kulipungua. Kukawa kwa mkono mmoja. Kukawa kwa kitu kinachoteleza kwenye chuma.

"Mpwa wangu." Sasa ilikuwa sauti ya Mjomba. Hakupiga kelele. "Mwana wa dada yangu. Nyundo ameanguka."

Asilimia themanini na mbili.

Aliisubiri iwe themanini na tatu. Hadi leo hajui kwa nini. Asilimia moja isingemwokoa yeyote.

Kisha akaikatisha.

Saa saba na dakika kumi na saba.

Mlango uliteleza. Mjomba alitoka kinyumenyume akimburuta Nyundo kwa ukosi wa ovaroli, kinyago kikining'inia sikioni. Midomo ya Nyundo ilikuwa na rangi ya wingu la mvua. Alikohoa mara moja, kwa maumivu, kisha akavuta pumzi iliyosikika ghala zima.

"Funga!" Mjomba alifoka. "Funga kabla ya kengele!"

"Hautafungika."

"Unasemaje?"

"Nimebonyeza mara saba. Mibonyezo yote ilipangwa foleni. Sasa mlango unaitii mmoja baada ya mwingine. Kila ukitaka kujifunga, unaambiwa fungua."

Kengele ililia.

Nje, injini ya lori ilinguruma. Mjomba aligeuza kichwa kwa matumaini. Ngurumo ilisogea, ikapanda gia, ikapanda nyingine, ikapotea. Binti Gia hakuwa mtu wa kusubiri mlio wa pili.

Mjomba alitazama makasha yaliyobaki ndani. Alitazama mezani. Aliiona flashi, taa yake ndogo ya bluu ikipepesa. Alielewa yote mara moja, na uso wake ulizeeka.

"Ulituweka mle," alisema. "Kwa ajili ya faili."

"Sikujua, Mjomba. Naapa sikujua inafunga mlango."

"Inuka. Mlango wa nyuma. Inuka twende!"

Fundi hakuinuka. Alikuwa akiikodolea macho kompyuta ile chakavu, na kitu kilikuwa kikijipanga kichwani mwake kwa utulivu wa kutisha.

"Saa tisa wanakuja kuichukua," alisema. "Tukiondoka sote, bado wataichukua. Watasema mlango uliharibika. Lakini mashine iliyokamatwa pamoja na mwizi haifutwi, Mjomba. Inapigwa lakiri. Inapelekwa mahakamani."

"Utafungwa, mjinga wewe!"

"Nitafungwa."

Bastola ilitoka kwenye ovaroli ya Mjomba. Haikumwelekea yeye kwanza. Ilielekea kompyuta. Fundi alilala juu yake kifudifudi, akaikumbatia kama mtu anayekinga mtoto na mvua ya mawe.

"Ondoka hapo. Mtu aliyekamatwa ana mdomo. Na hiyo nayo ina mdomo."

"Nipige mimi."

Nyundo, sakafuni, alinyanyua mkono. "Bosi," alisema kwa taabu. "Bosi, ndiye aliyefungua."

Risasi moja ililia. Ilimpata Fundi chini ya bega la kulia. Alisikia joto, halafu hakusikia mkono. Hatua za Mjomba zilikimbia kuelekea mlango wa nyuma, na huko, kwenye jua, sauti za polisi zikamwamuru atupe silaha chini.

Saa saba na dakika thelathini na moja.

Afande alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alimkuta Fundi amekaa sakafuni, mgongo wake umeegemea sanduku la kompyuta, damu imefika mkandani. Fundi hakumruhusu yeyote kugusa waya wa umeme.

"Msiizime," alisema. "Kwanza soma. Tafadhali, mama."

"Unavuja damu, kijana. Gari la wagonjwa liko njiani."

"Soma."

Alimwelekeza kwa mkono wa kushoto. Afande alilifungua faili, akalishuka hadi Jumatatu ile. Saa nne na dakika nane, sekunde ya kumi na mbili: fungua. Sekunde ya kumi na tano: fungua. Ya kumi na sita. Ya kumi na saba. Ya kumi na saba tena. Midomo yake ilisogea akihesabu.

"Kumi na mmoja," alisema.

"Sasa usilifunge. Bonyeza kile kitufe cha kijani."

Alibonyeza. Dirisha lilipauka. Mlango wa chuma, uliokuwa umeitii mibonyezo saba na kujifunga, haukutikisika. Afande alibonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kama kila mtu afanyavyo. Alilitazama duara likizunguka. Kisha akautazama mlango, kwa muda mrefu, na mkono wake ukajiondoa wenyewe kwenye kipanya.

"Nani aliyekiandika kitu hiki?"

Fundi alifumba macho. Kwa mbali, gari la wagonjwa lilikuwa likikaribia.

"Mimi," alisema. "Andika hivyo. Mdogo wangu alibonyeza."