Treni Iliyokwama Kabalo

Kila mchana, kengele ya shule ilipolia, Bertille alikuwa wa kwanza kutoka mlangoni. Kutulia kulimshinda tangu akiwa tumboni. Mama yake mwenyewe alisema hivyo. Akila, mguu unacheza. Akisali, vidole vinahesabu mbao za dari. Lakini mwite kwenye mchezo, lo! Hapo atatulia tuli, macho makali, na mchezo ukiisha atakueleza wapi ni mtamu na wapi umeoza.

Miaka ile, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire, mfanyabiashara mmoja alileta Kalemie mchezo mdogo wa betri kutoka Kigoma, wenye kioo na samaki wanaokimbia. Watoto waliupangia foleni wiki mbili, hadi betri zikaisha.

"Ulipendeza macho," Bertille alisema, "lakini samaki walipita njia ileile kila siku. Hata sisi tunaweza kutunga mzuri kuliko ule."

Wenzake wakamwamini. Watoto wa darasa la sita wakaanza kutunga michezo yao kwa karatoni za sabuni, vifuniko vya chupa na dadu za mti. Kila aliyemaliza wake alimpelekea Bertille aujaribu.

Mchezo wa Valère ndio ulioharibu mambo. Valère alitunga safari ya mitumbwi inayokwenda Moba. Bertille aliucheza mara moja tu, akasimama mbele ya wote na kusema, "Huu ni wa watoto wanaonyonya! Umechora mawimbi, hakuna cha kufikiri." Watoto wakacheka hadi machozi, na Valère akaichana karatoni yake vipande vipande. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Bertille kucheza. Wiki tatu nzima! Alizunguka uwanja akipiga mawe teke.

Kwa hiyo Jumatatu, jirani yake Henriette alipomwita, Bertille nusura aruke ukuta. Baba yake Henriette, Papa Édouard, alifanya kazi kwenye reli, na mchezo wa binti yake ulifuata reli hiyo: treni zinaondoka Kalemie, zinapita Nyunzu, zinaingia Kabalo, kisha zinamalizia safari Kongolo.

"Ukifika Kabalo," Henriette alieleza, "huondoki mpaka treni nyingine iingie nyuma yako. Njo vile Kabalo ilivyo. Nani hajui kungoja Kabalo?"

Walicheza wawili. Henriette alitangulia kufika Kabalo, akangoja. Bertille alipoingia, Henriette akaondoka zake. Bertille akarusha dadu, akarusha tena. Nyuma yake hapakuwa na treni nyingine ya kumfungulia njia. Hapo hapo akaiona kasoro: anayefika Kabalo wa mwisho haondoki milele.

"Unauonaje?" Henriette aliuliza. "Jumamosi ni sikukuu ya shule. Mwalimu Adalbert amesema utawekwa mezani, wazazi waucheze mbele ya watu wote. Una kasoro?"

Bertille akamtazama. Akakumbuka zile wiki tatu.

"Mzuri sana," akasema. "Hauna kasoro hata moja."

Henriette akamkumbatia kwa furaha, na Bertille akaona aibu hata kumshika mgongo.

Jumanne hakula vizuri. Jumatano akasimama mara nne katikati ya hesabu, mwalimu akamkemea. Alhamisi alipokuwa akimsaidia mama yake kuchambua ndakala, wale dagaa wa ziwani, mchanga wote ulibaki kwenye samaki.

"We mutoto, una nini?" Mama Florentine aliuliza. "Wiki nzima roho yako iko juu."

Bertille akamwaga yote. Mama yake alisikiliza bila kuacha kazi.

"Na ule mchezo wa Valère, hukuona kizuri hata kimoja?"

"Niliona, Mama. Kulikuwa na upepo wa kuwarudisha watu nyuma. Ulichekesha."

"Ulimwambia?"

"Hapana."

"Basi Valère ulimpa nusu ya ukweli, na Henriette umempa nusu nyingine."

"Lakini nikisema, hawataniita tena!"

"Huenda. Na usiposema, Jumamosi atachekwa nani?"

Bertille alinawa mikono, akatoka mbio.

Henriette alipousikia ukweli, uso ulimbadilika. "Kasoro ningeirekebisha siku ileile!" akafoka. "Jumatatu nilikuuliza, ukanitazama usoni ukanidanganya. Ondoka!" Akaubamiza mlango.

Bertille hakuondoka. Miguu ilimwasha kukimbia, akajilazimisha kusimama pale pale, akasema na ule mlango. "Nilikosea, Henriette. Niliogopa kukaa peke yangu. Mchezo wako ni mtamu, kweli. Moyo unadunda mtu akikaribia Kabalo. Kasoro ni hiyo moja tu. Tuirekebishe, tafadhali."

Hatimaye mlango ukafunguka kidogo. "Wawili hatutoshi kuujaribu," Henriette alisema bila kumtazama. "Tafuta wa tatu."

Bertille alimjua wa tatu. Alimkuta Valère nyuma ya kwao akipasua kuni.

"Nilikuvunjia heshima," alimwambia. "Ule upepo wako ulikuwa mzuri, nami nikaunyamazia. Nisamehe."

Valère alipasua vipande viwili zaidi. "Nitakuja kwa ajili ya Henriette," akasema mwishowe. "Siyo kwa ajili yako."

Walicheza jioni ile na Ijumaa baada ya shule hadi giza. Kwanza waliifuta sheria ya kungoja, mchezo ukapooza kama ugali bila mboga. Wakajaribu kungoja zamu moja, ikawa rahisi mno. Ni Valère aliyepata dawa: anayengoja akipata sita, mkuu wa stesheni anampigia filimbi, anaondoka. Bertille akaucheza mara kumi na moja, akitafuta pa kuubomoa. Haukubomoka.

Jumamosi Papa Édouard ndiye aliyefika Kabalo wa mwisho. Watu wakapiga kelele, "Amekwama kama kazini!" Akarusha dadu mara tano bila kitu. Ya sita ikaleta sita, uwanja mzima ukashangilia.

"Mchezo huu hauna kasoro hata moja!" Papa Direkta, mkuu wa shule, alitangaza.

"Muulize Bertille, Papa Direkta," Henriette alisema.

Macho yote yakamgeukia. Bertille akapiga hatua mbele. "Uzuri wake ni kwamba hata wa mwisho ana tumaini," alisema. "Kasoro yake, wanacheza wanne tu, na sisi wengine hamsini tumesimama juani."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu Adalbert akainua mkono, wakatulia.

"Mmesikia, watoto? Ukimsifu rafiki kwa uongo, unamwacha aaibike mbele ya watu. Ukimwambia kweli kwa dharau, unamkatisha tamaa. Mwambie kilicho kizuri, mwambie kilichoharibika, kisha kaa naye mkitengeneze."

Henriette hakusikia maneno ya mwisho. Alikuwa ameinamia karatoni, penseli mkononi, anachora reli ya pili. "Bertille," aliita bila kuinua kichwa, "njoo uone kama hii itafaa."