Arubaini Haikumtosha Kijakazi

Asmahan, mama yake Raisa, ana duka la nguo za harusi Erdington, mjini Birmingham. Asubuhi hupiga pasi, mchana hupima wateja viuno, jioni hugombana na uzi. Simu za wateja hazipokei yeye. Hupokelewa Unguja na Kijakazi, binti wa kaka yake, ambaye Asmahan alimwajiri mwaka jana. Mteja akiulizia shela, Kijakazi humjibu kwa Kiingereza safi, na mteja hudhani yupo hapo hapo nyuma ya pazia.

Mkataba hawakuandikiana. Mtoto wa kaka utamwandikia nini? Kila mwisho wa mwezi Asmahan alimtumia mshahara kwa simu, basi.

Kijakazi alijifungua kwa upasuaji. Asmahan alifurahi mno. Alimpelekea zawadi za mtoto, kisha akamwambia apumzike siku arubaini zote, kama desturi yao ilivyo. Mshahara aliusimamisha, maana kazi haikufanyika. Akajiona mwajiri wa kupigiwa mfano.

Siku moja jirani yake, Nyokabi, alikuja kupima gauni. Nyokabi ni Mkenya. Kazini kwake Edgbaston hushughulikia mishahara ya wafanyakazi walio nchi mbalimbali. Asmahan alikuwa ameshika pini, kwa hiyo alimpigia Kijakazi kwa spika, kuulizia oda.

"Oda ipo, shangazi," alisema Kijakazi. Alikuwa anahema.

"Mbona unahema hivyo?"

"Mshono umeachia. Daktari kanambia nirudi kitandani. Lakini arubaini imekwisha, nikaogopa kazi utampa mtu mwengine."

Pini zilimdondoka Asmahan. Alimwambia alale, azime simu, asiguse kitu. Kisha akakaa juu ya boksi la vitambaa.

Nyokabi, gauni nusu mgongoni, alimuuliza nani alimwambia Kijakazi arudi kazini.

"Mimi. Arubaini si ndiyo desturi?"

"Ni desturi nzuri, Mama Raisa, lakini si sheria ya kazi. Na hiyo time yote ulikuwa unamlipa?"

"Nilimpelekea zawadi."

"Zawadi ni ya mtoto. Mimi nauliza salary ya mama."

Asmahan alishtuka mara ya pili. Duka limeandikishwa hapa, alisema, na kodi analipa hapa. Sheria gani tena?

"Duka liko hapa, lakini Kijakazi anafanyia kazi Zanzibar," Nyokabi alisema. "Sheria ya kule ndiyo inamlinda. Mkataba, likizo, kodi ya mshahara, michango ya hifadhi ya jamii, zote zinafuata mahali mfanyakazi ako. Hata kama ni mtoto wa kaka yako."

Akaeleza kwamba likizo ya uzazi kule ni kama miezi mitatu, na ina malipo. Mengine hakuyajua, akakiri, kwa sababu kila nchi ina sheria zake na hubadilika. Alimshauri atafute mhasibu wa huko huko. Asiye na ofisi katika nchi hiyo anaweza pia kutumia kampuni ya huko, ikaajiri kwa niaba yake.

Asmahan alilia. "Nimemuumiza mtoto wa kaka yangu, na mimi nilijiona namtendea wema."

Siku hiyo hiyo alimpata Idd, mhasibu wa Unguja. Mshahara wa likizo ulipelekwa kwanza. Mkataba ukaandikwa. Kijakazi akaandikishwa kwenye hifadhi ya jamii, naye Asmahan akajua kwamba mwajiri ana mchango wake, haukatwi wote kwa mfanyakazi. Hilo nalo lilimshangaza. Kwa muda huo simu alipokea mwenyewe, vibaya. Hata akampa bibi harusi mmoja bei ya nguo ya bwana harusi.

Mshono ukapona. Likizo ilipokwisha, Kijakazi alirudi kazini. Siku ya kwanza tu shangazi akampigia mchana.

"Samahani, shangazi. Hii saa yangu ya kunyonyesha. Imo kwenye mkataba. Nitakupigia."

Simu ikakatwa. Asmahan aliikodolea macho. Tangu azaliwe hajakatiwa simu na mtoto wa kaka yake. Simu ya duka ikaanza kulia, akaenda kuipokea mwenyewe.