Ndege Hawajui Kuhesabu

"Sheshe, Sheshe. Bado upo?"

Ilikuwa sauti ya Silvano, mkuu wake, akimwita Agnella kwa jina lake la redioni. Aligonga redio ya sikioni kwa ukucha, mara mbili. Maana yake: nipo, siwezi kusema.

Angesemaje? Wanaume watatu wenye silaha walikuwa ndani ya Land Cruiser, hatua arobaini mbele yake.

Tangu alfajiri alikuwa amejikunja ndani ya kihema cha wapiga picha za ndege, kimo cha mbuzi, rangi ya matete. Nyuma yake mto Kilombero na mamba wake. Mbele, njia ya kwenda kivuko cha mitumbwi. Kulia, shamba la mpunga la Mama Marsiana na dungu lake, kile kibanda cha juu ya miti cha kulindia ndege.

Hakuna pa kutokea.

Alikuwa na bastola kiunoni na kamera ya Nikon yenye lenzi ndefu kama mchi. Amri ya Silvano ilikuwa fupi: "Evod akishika pembe, mpige picha. Kisha washa flashi. Kabla ya flashi, askari wangu hawasogei."

Evod alipeleka wageni porini kupiga picha za wanyama. Kila picha ya tembo ilimwambia tembo yuko wapi. Wiki haiishi, tembo yule ni mzoga. Mara mbili alikamatwa, mara mbili akasema mzigo si wake, mara mbili akaachiwa. Leo mzigo ukivuka mto, umekwenda.

Land Cruiser ikazimwa. Evod akashuka, akatazama matete kwanza. Mnana walikuwa kwenye viota vyao, wanapiga soga.

"Ndege wametulia. Kihema kitupu. Shusheni sanduku."

"Mwenyewe nimemwona kwa darubini," alisema dereva Nassib. "Mwanamke katoka saa moja, kaenda zake."

Wa tatu, Masanja, alikuwa na panga kwapani. Hakuridhika.

"Waliingia wangapi?"

"Mimi nitajuaje? Nimeona mmoja katoka."

"Bosi, mimi nimekulia Kiberege, nalinda mpunga. Ukitaka kumnasa ndege, mnaingia wawili, anatoka mmoja. Ndege akiona mtu katoka, anashuka. Hajui kuhesabu."

Nassib akacheka. "Masanja wewe, iko siku utakifunga kamba kivuli chako!"

"Nenda kaangalie basi, roho yako itulie," alisema Evod.

Hatua. Hatua. Matope yakanyonya buti.

"Sheshe, ondoka hapo!"

Aondoke aende wapi?

Sanduku likafunguliwa. Pembe nne, nyeupe kama unga. Evod bado mikono mfukoni.

Shika, mwanaharamu. Shika.

Panga likapenya turubai juu ya sikio lake. Kitambaa kikalia krrr. Jasho likamwingia jichoni. Hakulipangusa. Jicho lilibaki kwenye kamera, kidole kwenye kitufe.

Evod akatoa mkono mmoja. Akaipapasa pembe, kama mtu anayepapasa ng'ombe mnadani.

Kacha. Kacha. Kacha.

"Si nilisema, bosi! Huyu hapa..."

Flashi ikamlipukia Masanja usoni.

Akapiga yowe, panga likadondoka. Mnana wakaruka wote kwa pamoja. Agnella akampiga teke la goti, akatoka kwenye mpasuko ule ule, bastola mkononi.

Juu ya dungu, nyasi zikasogea. Mitutu minne ikachungulia.

"Polisi! Lala chini!"

Nassib akakimbilia mtoni. Akaona macho mawili juu ya maji yakimtazama. Akarudi mwenyewe, mikono juu.

"Pembe hizi si zangu," alisema Evod.

Agnella akamgeuzia kamera. Evod akatazama. Akanyoosha mikono ifungwe pingu.

Masanja, pingu mikononi, alikuwa bado anapepesa macho.

"Dada, hawa wametoka wapi? Lile dungu nililitazama mimi mwenyewe. Mama kashuka peke yake alfajiri."

"Walipanda watano," alisema Agnella. "Wewe si umekulia Kiberege?"



Mama Marsiana alikuja akikanyaga tuta, kitenge kimepandishwa magotini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umewatawanya ndege wote!"

"Samahani mama. Watarudi."

"Warudi wafanye nini? Wananimalizia mpunga!"

Agnella akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Akakunja stendi ya kamera, akaitupia begani, akashika njia ya tutani bila kugeuka.

Nyuma yake mnana walianza kushuka, mmoja mmoja. Safari hii kihema kilikuwa kitupu kweli.