Kinanda Kilichokataa Kusahau

Wewe, ukisikia kinanda kinaimba na hakijachomekwa kwa stima, utakimbia ama utatafuta waya?

Mimi nilitafuta waya. Nilikuwa mwaka wa tatu pale Juja, nasomea fizikia, na watu wa kukemea mapepo kila stima ikipotea walikuwa wamenichosha.

Ilikuwa 1994, tukiishi Ruiru. Kinanda kilikuwa cha kwaya, lakini kililala kwetu kwa sababu Mami ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Kidogo, cha plastiki nyeusi, na kilikuwa na ujanja mmoja tu: ukibonyeza kitufe chekundu ukaimba, kilinasa sauti yako kwa sekunde moja na nusu, kisha ukaweza kuicheza, nene au nyembamba upendavyo. Ukikizima, kinasahau. Kila Jumamosi dada yangu Nyawira alikiimbia "aaa" moja, kwaya ikafanya mazoezi nayo, tukakizima, ikapotea.

"Imerudi kwangu," Nyawira alikuwa akisema, akijishika koo. Tulicheka.

Mwezi wa Novemba akapata kazi ya kufundisha muziki katika shule moja Kitale, aanze Januari. Mami alifurahi kuliko sisi sote. Alimnunulia hata sanduku.

Wiki hiyo hiyo Mami akabeba kinanda mpaka Thika kwa Bedan, fundi wa redio ambaye hakuwahi kuacha kitu jinsi kilivyotoka kiwandani. Vinanda vya watu alivitoboa, akaviongezea swichi, vikatoka vikilia kama ng'ombe. Chetu alikiwekea betri ndogo ya saa ndani, ili kisisahau kikizimwa.

Jumamosi Nyawira akaimba "aaa" yake. Tukakizima. Tukakiwasha. Sauti ipo! Kwaya ikapiga makofi.

Jumapili aliamka bila sauti.

Sisemi kukauka koo. Alifungua mdomo, ikatoka pumzi. Daktari akamulika tochi, akasema koo ni safi kabisa. Desemba ikaisha hivyo. Shule ya Kitale ikaandika barua, ikiuliza kama bado anakuja.

"Si lazima aende," Mami akasema. "Atapumzika hapa na mimi." Sanduku akalipandisha juu ya kabati.

Siku moja saa saba mchana, nikianika nguo, nikamsikia Nyawira akiimba sebuleni. Nikaangusha beseni nikakimbia ndani nikicheka.

Alikuwa ameegemea ukuta, amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Kinanda kilikuwa mezani. Waya wake umeviringishwa kando.

"Aaa."

Ni betri tu, nikajiambia. Nikachukua bisibisi, nikakifungua, nikang'oa betri, nikaitia mfukoni.

"Aaa."

Pale betri ilipokuwa, chini yake, palikuwa na kitu kilichofungwa uzi mwekundu. Jino. La mtoto, limemeguka pembeni. Nilikuwepo siku Nyawira alipolimegua kwa chupa ya soda. Nilikuwepo pia lilipong'oka. Mami alilirusha juu ya paa. Tulilisikia likigonga mabati.

Nilifika Thika bila kusalimia mtu.

"Bedan, umetufanyia nini?"

Akaona jino, akarudi nyuma hadi akagonga rafu. "Ngai! Siste, mimi ni mtu wa waya. Hiyo sikuweka."

"Nani mwingine alikifungua?"

Akashusha sauti. "Mathe wenu, mwenyewe aliyekileta. Alikataa nifunge. Alinituma nje, akasema skrubu atakaza mwenyewe. Mimi nikadhani ni ushamba tu."

Njia yote ya kurudi Ruiru nilitafuta mtu mwingine wa kulaumu. Jirani mwenye kijicho. Mwanakwaya. Hata Bedan ningemchukia kwa raha. Sikupata.

Mami alikuwa jikoni akimenya viazi. Nikaliweka jino kwenye sinia, kando ya maganda.

"Mami. Hili tulilisikia likigonga mabati."

Hakuinua macho. Nyawira alikuwa amesimama mlangoni. Nyuma yake, sebuleni, kinanda kilichopasuliwa tumbo, bila waya, bila betri, kikaanza. Safari hii haikuwa sekunde moja na nusu. Kiliendelea. Kikaendelea. Hakikuvuta pumzi.

"Baba yenu aliondoka," Mami akanong'ona. "Wewe ukaenda Juja. Sasa na huyu."

"Mami, sema."

Kisu hakikusimama. Ganda likashuka, refu, bila kukatika.

"Nilirusha kokoto," akasema. "Na meno yako pia. Badala ya yote nilirusha kokoto."