Ndege Iliyofika Kabla ya Dakika Zake

Nilitoka na debe la mafuta ya taa jua likizama, kama kila siku ndege inapochelewa. Kazi yangu kwenye uwanja huu wa vumbi ni kufagia, kufukuza mbuzi na kuwasha makopo kando ya njia ya ndege. Shule sikuikalia, lakini hesabu moja naijua: kutoka uwanja wa kule hospitali mpaka hapa kwetu ni kilomita mia tatu, dakika hamsini. Makopo huwashwa dakika ya arobaini na tano, si kabla. Mafuta yake ni ya robo saa tu.

Siku hiyo ndege ilikuwa inaleta damu ya binti yangu. Alikuwa amejifungua mchana katika zahanati iliyo ng'ambo ya uwanja, na damu ikagoma kukatika.

"Imeruka saa kumi na mbili kamili," akasema mzee wa redio. "Tulia, bibi."

"Tulia wewe, usiyejua uchungu wa uzazi."

Dakika ya kumi na mbili... nikasikia.

Vuuum.

"Siyo yetu," akanong'ona. "Hakuna ndege yenye mbio hizo. Bibi, usiwashe!"

Mkunga akapiga kelele toka zahanati: mwanao anakwenda! Nani angengoja hesabu? Nikawasha makopo yote.

Ikatua.

Vumbi halikutimka.

Akashuka mtu mmoja mrefu, na boksi mkononi. Alinuka udongo uliofukuliwa sasa hivi. Hakuuliza njia.

"Nimewahi," akasema, akapita.

Nikageuka kuitazama ndege... njia tupu.

Damu ikaingia mshipani. Binti yangu akafumbua macho. Yule mtu, hakuna aliyemwona akitoka.

Dakika ya hamsini, mlio mwingine angani. Makopo yamezimika, debe kavu. Redio ikakoroma: "Sioni taa. Taa zenu ziko wapi?" Ndege ikazunguka mara tatu, ikarudi ilikotoka. Rubani alifika salama, na damu ya binti yangu ndani ya boksi, haijaguswa.

Basi aliyotiwa mwanangu ni ya nani? Nikimuuliza mzee wa redio, hutazama viatu vyake.

Binti yuko hai. Anapika, anafua, ananyonyesha. Mikono tu ndiyo baridi. Na hunijibu kabla sijauliza. "Chumvi iko nyuma ya sufuria, mama." Ndipo nami naikumbuka chumvi. Mwanzoni nilicheka: afadhali, ulimi wangu utapumzika.

Leo asubuhi alikuwa anakunja nepi. Hakuinua kichwa.

"Hapana, mama. Mtoto hakuumia. Alilala tu."

Sikuwa nimeuliza kitu.

Sasa jua linazama. Mjukuu wangu nimempakata, anavuta kidole changu, anacheka. Na mimi, ninayeitwa Wembe uwanja mzima kwa mdomo huu, tangu asubuhi sijatoa neno.

Siulizi.

Siulizi chochote.